Soli za Orrin Peaslee

Orrin Peaslee alikuwa na kadi nyeupe, ukubwa wa bahasha, na kwa kadi hiyo alitutawala miaka ishirini. Kila Jumapili ya pili ya mwezi, saa nane mchana, alipiga goti mlangoni mwa ukumbi wetu wa wakulima pale Harlow Corner, akasema "mguu," nawe ukamwinulia mguu kama farasi anayekaguliwa kwato. Akaisugua kadi kwenye soli ya kiatu chako. Kadi ikibaki nyeupe, ingia ucheze. Ikipata mstari mweusi, vua, na utajijua mwenyewe.

Sikatai, sakafu ile ni ya kulindwa. Mbao zake ni za mepo, ule mti mgumu wa kwetu, walizipigilia babu zetu mwaka 1911, na mchanga wa barabarani ukiingia chini ya miguu ya watu themanini wanaozungushana, unazikwangua kama msasa. Ndiyo maana kwetu mtu huja na viatu jozi mbili, vya kumfikisha na vya kuchezea, na hivi vya kuchezea huviweka kwenye mfuko. Mwezi wa Aprili, theluji inapoyeyuka na barabara zote kuwa uji, hata mchungaji huvuliwa mlangoni. Hayo tunayakubali. Ninachosema ni kwamba mtu anaweza kulinda sakafu bila kujifanya ni yeye aliyeiotesha miti yake.

Mimi naitwa Lorna, ni mpiga piano. Piano yetu haipandi jukwaani tangu jukwaa lilipobonyea, kwa hiyo nakaa chini, pembeni, na mgongoni kwangu kuna benchi la makoti. Sichezi kabisa. Hata hivyo, miaka sita iliyopita, dada yangu aliponinunulia viatu vya zambarau huko Boston, nami nikavivaa kwa mara ya kwanza nikiringa, Orrin alinipigia goti kama mtu mwingine yeyote.

"Orrin bwana, mimi nakaa," nikamwambia. "Mguu wangu unakanyaga pedali tu."

"Unafikaje kwenye hiyo piano, unaruka?"

Watu wakacheka. Akaisugua kadi, ikatoka mstari mweusi mrefu kama kidole. Nilipiga piano saa tatu nzima nikiwa na soksi, na soksi ya kulia ilikuwa na tundu, kidole gumba kikichungulia mbele ya watu wote na mkewe mchungaji. Nilimsamehe siku ile ile, kwa mdomo.

Tumtendee haki sasa. Orrin alipeleka barua kwenye vilima hivi miaka thelathini na minne, na hakuwahi kumfungulia mtu bahasha wala kumfungulia mtu moyo. Hakuoa. Aliishi na mama yake mpaka mama akafa, kisha akaishi na kiti cha mama yake. Dansi ya kontra ndiyo ilikuwa starehe yake pekee, na aliicheza kama alivyopeleka barua, bila kuruka nyumba. Mnajipanga mistari miwili mirefu, kila mtu anamtazama mwenzake, mwitaji anatangaza hatua, mnashikana, mnazungushana, mnasogea, na kabla wimbo haujaisha umeshikana mikono na kila mtu ukumbini, hata yule uliyegombana naye kuhusu mpaka wa shamba. Ni dansi nzuri sana kwa mtu asiyejua kuzungumza.

Wageni aliwafundisha mwenyewe namna ya kuchagua viatu, na hapo ndipo alipokuwa msemaji.

"Sikiliza, mama," alikuwa akimwambia mwanamke yeyote aliyekuja na viatu vya mazoezi. "Soli iwe laini lakini isinate. Ukizungushwa, kiatu kigeuke pamoja nawe. Kikigoma, litakalogeuka ni goti. Kisigino kikushike, vidole vipumue. Na kiatu hicho kisionje barabara mpaka kife."

Maneno ya hekima hayo. Yeye mwenyewe alivaa viatu vyeusi vya ngozi, ncha nyembamba, alivyonunua mwaka alioajiriwa posta, vimebadilishwa soli mara tatu. Vidole vyake havikupumua tangu ujana wake. Mganga hajigangi.

Na kulikuwa na Nadine Coolbroth. Huyu alikuwa karani wa mji wetu, sasa amestaafu, mjane wa yule mwenye kiwanda cha mbao. Dansi yetu hufungwa kwa walzi, ile ya taratibu, watu wawili wawili, hakuna anayeita hatua. Miaka kumi na moja walzi hiyo Orrin aliicheza na Nadine. Kwa mila zetu hakuna mwenye mtu wake ukumbini, yeyote anaweza kumwomba yeyote, na una haki ya kukataa, ila ukimkataa mmoja umewakataa wote: unakaa benchi mpaka wimbo uishe. Lakini walzi ikitangazwa, wanaume wote walimpisha Orrin. Alivuka sakafu, akanyoosha mkono, wakacheza. Wimbo ukiisha alisema, "Asante, Nadine," naye akajibu, "Asante, Orrin," kila mtu akaenda kutafuta koti lake. Tuliwangoja waseme la tatu mpaka tukachoka kungoja.

Oktoba iliyopita miguu ya Orrin ilianza kumuua. Hakusema, lakini mtu aliyekaa kwenye piano anaona miguu kuliko nyuso. Kwenye kila gumba kilimwota kinundu kama kokwa la parachichi, ngozi ya kiatu ikatuna hapo. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Akaanza kujipa kazi mlangoni, eti kuna wachelewaji, akiitunza miguu yake kwa ajili ya ile walzi moja. Februari alikosea hatua. Machi alimaliza akiwa mweupe kama unga.

"Umeumia?" Nadine alimuuliza.

"Hapana," akasema. "Asante, Nadine."

Akaenda zake, akamwacha mwanamke kasimama katikati ya sakafu, mkono bado uko juu kidogo.

Na hilo halikuwa jambo dogo, maana mji mzima ulijua kwamba binti yake Nadine, anayeishi Portland, jimbo la jirani, alikuwa anamtaka mama yake akahamie kwake. Chumba kimeshapakwa rangi, ngazi imewekewa mshikio. Nadine hakuwa amejibu. Alisema anafikiri, na alifikiri majira yote ya baridi. Orrin alijua kama sisi tulivyojua. Kama Nadine ataondoka, Orrin atabaki na kadi.

Tarehe mbili Aprili, siku ya Alhamisi, nilikwenda mjini Keene kununua ndara. Niko kwenye duka la viatu, naona mlango unafunguka, anaingia Orrin Peaslee akitembea kama mtu anayekanyaga mayai. Sijui kwa nini nilijificha. Nilijificha nyuma ya rafu ya mabuti ya mvua, na mwanamke wa umri wangu akishajificha hawezi tena kutoka bila maelezo, basi nikakaa.

"Nataka viatu vya kuchezea," akamwambia mwenye duka, mwanamke mnene mwenye miwani shingoni. "Visiumize."

"Unacheza nini, mzee?"

"Kontra."

"Aa. Mume wangu alicheza mpaka goti likakataa. Kaa hapa."

Akamletea vya ngozi laini vya wacheza dansi. Orrin akavaa, akainuka, akashika hewa kiunoni, akazunguka mara moja kati ya rafu ya watoto na rafu ya wanaume. Akaketi. "Vinagonga vinundu vyangu," akasema. Akaletewa vya turubai, vikabana. Akaletewa vingine vipana, kiatu kimoja kikachomoka chenyewe alipogeuka, kikaangukia karibu na rafu yangu, nikaacha kupumua.

"Kuna hivi," mwenye duka akasema mwishoni. "Sivyo vya kupendeza. Wanavaa wauguzi na wapishi, watu wanaosimama mchana kutwa."

Vilikuwa vyeusi, vinene, vya mviringo kama mikate miwili iliyoungua. Orrin akavivaa. Akasimama. Hakuzunguka, hakushika hewa, alisimama tu, na uso wake ukafanya kitu ambacho sikuwahi kukiona. Ukalegea. Akakaa tena akatazama dari muda mrefu.

"Mzee, uko sawa?"

"Nilikuwa nimesahau," akasema.

Halafu akatoa kadi mfukoni. Haki ya Mungu, alitembea nayo. Akaisugua kwenye soli ya mpira, akaitazama, nami kutoka pale nilipokuwa niliuona mstari: mweusi, mnono. Akairudisha kadi mfukoni.

"Nafunga, au?" mwenye duka akauliza.

"Nifungie," akasema Orrin Peaslee.

Nilirudi nyumbani na siri ile kama mtu aliyebeba yai kinywani. Ningeweza kumwambia Nadine, tunasali kanisa moja na Jumapili iliyofuata tuliketi benchi moja. Ningeweza kusema, mwenzangu, yule mzee wako miguu imemwisha, ndiyo maana anakukimbia. Sikusema. Nilikuwa nachagua saa. Niliipiga piano yangu siku kumi huku nikiona soksi, tundu, na kidole.

Jumapili ya dansi matope yalifika kwenye vifundo. Orrin alikuwa mlangoni kabla ya wote, amesimama juu ya zulia nene, viatu vyake vikizama humo mpaka nusu, akiwakagua watu kama kawaida. Niliinua mguu wangu bila kuombwa.

"Safi," akasema.

"Na wewe hujambo miguu?" nikamuuliza.

"Mizima."

Alicheza siku ile. Alicheza dansi zote, akizunguka kama kijana, na mimi nikitazama nikagundua ujanja wake: kwenye sehemu ya mbele ya kila soli alikuwa amegundisha kipande cha ngozi ya kahawia, alichokata kwenye mfuko wake wa zamani wa barua. Hapo kiatu kiliteleza vizuri. Kisigino alikiacha mpira mtupu, na alicheza kwa ncha za miguu, kisigino juu, kisiiguse sakafu. Kazi ya fundi, nakiri. Watu wakanong'ona kwamba Orrin amepona. Nadine alimtazama kutoka mstari wa pili, haoni viatu, anamwona yeye.

Saa kumi na moja kasoro robo, Everett Stiles, mwitaji wetu, akatangaza walzi. Wanaume wakapisha. Orrin akaanza kuvuka sakafu. Siku za mwizi ni arobaini, nikajisemea, na mimi nilikuwa nimeshazihesabu.

"Orrin," nikaita kutoka kwenye piano, kwa sauti ya kutosha ukumbi. "Kadi."

Akasimama.

"Nini?"

"Kadi yako, bwana. Kila mtu kakaguliwa leo isipokuwa mmoja. Au sheria ina jina la mtu?"

Mtu fulani akacheka, akidhani ni utani. Orrin angeweza kucheka pia, na ingeishia hapo. Alinitazama, akaitoa kadi, akapiga goti pale pale katikati, akavua kiatu cha kulia, akasugua. Mbele, safi. Kisigino, mstari mrefu kama kidole. Akaiinua juu ili kila mtu aone, kama alivyowafanyia wengine wote.

"Sheria ni sheria," akasema.

Akavua na cha kushoto, akaja na soksi mpaka kwenye benchi la makoti, mgongoni kwangu, akaketi. Soksi zake hazikuwa na tundu. Nililiona hilo na nikachukia kwamba nimeliona.

Nadine alikuwa bado amesimama. Miaka kumi na moja hakuna aliyewahi kupata nafasi hiyo, na wanaume wetu si wa kupoteza nafasi. Everett mwenyewe alishuka jukwaani akamfikia wa kwanza.

"Nadine, unacheza nami?"

"Hapana, Everett," akasema. "Asante."

Sasa kwa mila zetu, hapo alikuwa amejifunga. Amemkataa mmoja, lazima akae. Na benchi ni lile lile moja. Akaja akaketi, nikasikia mbao zikilia nyuma yangu. Mpiga fidla akaniashiria kwa kichwa, tukaanza, na mtu anayepiga piano hawezi kugeuka, lakini masikio hayana mgongo.

"Tangu lini?" Nadine akauliza.

"Oktoba."

"Na hukusema."

"Ningesema ungetafuta mwingine wa walzi."

Tulimaliza mzunguko wa kwanza.

"Orrin, mimi siipendi walzi. Nashikwa na kizunguzungu. Tangu mwaka wa kwanza."

"Sasa mbona..."

"Kwa sababu ndizo dakika tano za mwezi ambazo hutazami viatu vya watu."

Nilikosa noti. Mpiga fidla akaniangalia kwa jicho baya.

"Majira yote ya baridi nakusogelea," Nadine akasema. Hakuwa na hasira, na ingekuwa afadhali awe nayo. "Nakuja mapema nikusaidie kupanga viti, wewe unainama mlangoni. Nabaki nifagie, umeshaondoka. Nilitaka mtu mmoja tu mji huu aniambie, Nadine, usiende. Mtu mmoja. Na huyo mmoja ndiye asiyekaa chini."

"Nilijua kuhusu Portland," Orrin akasema.

"Ulijua?"

"Nilidhani nikicheza vizuri utabaki."

Ilinibidi nitazame funguo za piano kwa makini sana.

"Usiende, Nadine," akasema. Alilisema vizuri, polepole, kama mtu aliyelifanyia mazoezi bandani.

Mbele yangu watu walikuwa wanazunguka, wengine macho yamefumbwa.

"Nimeweka saini Alhamisi," akasema. "Nyumba imechukuliwa. Wale walimu wawili, wenye mtoto mchanga. Nimewapa neno langu na mkono wangu."

"Alhamisi hii?"

"Hii. Saa nne asubuhi."

"Saa nne," Orrin akasema. "Saa nne nilikuwa nagundisha soli."

Wimbo wetu wa walzi tunaupiga mara tano, basi. Nilipofika mzunguko wa tano mpiga fidla akainua mguu, ndiyo ishara yetu ya kufunga. Nikajifanya sikuona. Tukaingia wa sita. Nilijua kwamba nikiacha, watu watakuja kuchukua makoti, na wale wawili watalazimika kusimama, waseme asante na asante. Nikaingia wa saba. Everett akanikatia jicho, wachezaji wakaanza kuachana mmoja mmoja, wakitafuta maji, mpiga fidla akashusha upinde wake akakaa. Nikapiga peke yangu, wa nane, wa tisa, sakafu tupu, mpaka mkewe mchungaji akaja akaniwekea mkono begani.

"Lorna, mama, inatosha."

Nikaacha. Nilipogeuka walikuwa wamekaa vile vile, chini ya makoti ya watu, Nadine ameushika mguu wa Orrin mapajani mwake, mguu wenye soksi, anakitazama kile kinundu kama karani anavyotazama fomu iliyojazwa vibaya.

Nadine alihama tarehe tisa Mei. Walimu ni watu wazuri na mtoto wao analia kwa staha. Orrin huendesha gari mpaka Portland kila Jumapili ya pili ya mwezi, siku yetu ya dansi, saa tatu kwenda na saa tatu kurudi, na inasemekana huko hukaa na Nadine barazani tu, hawachezi chochote. Kwa umri wao na kwa barabara zetu za majira ya baridi, sijui watakaza mpaka lini.

Lakini siku ile ya kadi, kabla hajatoka ukumbini, Nadine alikuja kwenye piano akiwa tayari na buti zake za matope mkononi. Nilijiandaa kwa lolote, na nilistahili lolote.

"Asante, Lorna," akasema. "Ningeondoka bila kujua kwamba alitaka nibaki. Wewe peke yako ndiye uliyeweza kumketisha."

Akanibusu shavuni. Na mimi, ambaye nilikuwa nimeviona viatu vile siku kumi kabla, wiki nzima kabla ya Alhamisi yake ya kuweka saini, nilimwambia asijali.